Mkono, Swali na Neno "Mshipa": Uchuaji kwa Maumivu ya Kiuno na Siatika katika Arua na Koboko, Uganda

Ikisiri

Makala hii inafafanua tiba ya kuchua misuli na tishu laini kwa mikono kama inavyotumika kwa maumivu ya kiuno na siatika, kwa kuitazama kutoka Arua na Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Inajenga hoja kwamba uchuaji una manufaa ya kweli, ingawa ni madogo na ya muda mfupi, na kwamba usalama wake unategemea maswali yanayoulizwa kabla ya mkono kuwekwa mgongoni kuliko unavyotegemea nguvu ya mkono au aina ya mafuta. Katika eneo ambalo mgonjwa na mchuaji huenda wakakutana katika lugha isiyo ya kwanza kwa yeyote kati yao, na ambamo neno moja, mshipa, hubeba maana ya neva, njia ya damu na kano, suala la istilahi linakuwa suala la afya ya umma.

Istilahi muhimu: uchuaji, maumivu ya kiuno, siatika, mshipa, West Nile

1.0 Utangulizi

Maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo yanaongoza duniani kote miongoni mwa sababu zinazowafanya watu waishi na ulemavu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 619, yaani takriban mtu 1 kati ya 13, walikuwa nayo mwaka 2020, na kwamba idadi hiyo itafikia milioni 843 ifikapo mwaka 2050. Ongezeko kubwa zaidi linatarajiwa Afrika na Asia, ambako idadi ya watu inakua na wazee wanaongezeka. Hata hivyo, katika mipango ya afya ya nchi zetu mgongo haupewi nafasi inayolingana na takwimu hizo. Pengine ni kwa sababu hauui. Humwacha mtu hai, ila hawezi kuinama.

Katika West Nile kuinama ndiko kazi yenyewe. Shamba hulimwa kwa jembe la mkono, mihogo na kuni hubebwa kichwani, na dumu la maji la lita 20, ambalo ni kilo 20 likijaa, huinuliwa kutoka kisimani mara kadhaa kwa siku. Arua, iliyopata hadhi ya jiji mwaka 2020, na Koboko, wilaya inayopakana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Sudan Kusini, zimeunganishwa na barabara ya Vurra–Arua–Koboko–Oraba yenye urefu wa kilomita 92. Barabara hiyo imeongeza aina nyingine za migongo inayouma: ya madereva wa malori, ya wapakiaji wa mizigo mpakani, na ya waendesha bodaboda wanaokaa juu ya pikipiki tangu alfajiri hadi usiku.

Mgonjwa wa namna hii huanzia wapi? Mfumo wa afya wa Uganda una ngazi, kuanzia timu za afya za vijiji, kupitia vituo vya afya vya ngazi ya pili, ya tatu na ya nne, hadi hospitali za wilaya, za rufaa za kanda, na ya taifa. Fiziotherapia, au tiba ya viungo, hupatikana zaidi katika ngazi za hospitali. Kwa mkulima anayeishi mbali na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Arua, mkono wa kwanza kugusa mgongo wake huwa ni wa ndugu, wa jirani, au wa mchuaji anayejulikana mtaani. Mkono huo upo tayari, na sera ikiupuuza haitauondoa. Swali lenye maana ni mkono huo unajua nini.

2.0 Kinachouma

Kwa wagonjwa wengi, takriban 9 kati ya 10, hakuna jeraha wala ugonjwa mmoja unaoweza kuonyeshwa kwa kidole kuwa ndio chanzo cha maumivu ya kiuno. Maumivu ni ya kweli. Kisichopatikana ni sababu mahususi. Misuli mirefu iliyo kando ya uti wa mgongo, kano zinazofunga pingili, viungo vidogo vya nyuma na diski zilizo kati ya pingili vyote vina neva za maumivu, na kuvitofautisha kwa kupapasa ni kazi ngumu hata kwa mtaalamu.

Picha nazo hazisaidii kwa kiasi ambacho wagonjwa hutumaini. Brinjikji na wenzake (2015) walijumuisha tafiti za watu wasio na maumivu yoyote, wakaonyesha kwamba dalili za kuchakaa kwa diski zilikuwapo kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20 na kwa asilimia 96 ya wenye umri wa miaka 80. Mtu wa Koboko anayeuza mbuzi ili asafiri kilomita zaidi ya 500 hadi Kampala kupigwa picha ya mgongo, bila dalili ya hatari, huenda akarudi na karatasi inayoeleza umri wake tu.

Siatika ni jambo tofauti. Neva ya siatika, iliyo nene kuliko neva nyingine zote mwilini, hutokana na mizizi inayotoka kati ya pingili ya nne ya kiuno na ya tatu ya sakramu. Hupita chini ya msuli mdogo uliofichika ndani ya tako, kisha hushuka nyuma ya paja hadi mguuni. Mzizi wake ukibanwa au ukivimba, maumivu huteremka mguuni, mara nyingi chini ya goti, yakiwa ya kuchoma au kama ya umeme, pamoja na ganzi au udhaifu wa kuinua wayo. Mwaka 1934 Mixter na Barr, wa Marekani, walieleza kwamba diski iliyopasuka na kutoa kiini chake ndiyo inayobana mzizi huo kwa wagonjwa wengi. Kilichochukua muda zaidi kueleweka ni kwamba kiini kilichotoka mara nyingi husinyaa chenyewe, mwili ukikimeza kidogo kidogo, na kwamba wagonjwa wengi hupata nafuu ndani ya wiki au miezi bila kisu.

Jambo hilo lina matokeo makubwa kwa sifa ya mchuaji. Mtu hutafuta tiba siku maumivu yanapokuwa makali kabisa, yaani siku ambayo, kwa kawaida ya ugonjwa wenyewe, hali inakaribia kupoa. Anayemgusa siku hiyo, awe mchuaji, daktari au mwombezi, atapewa shukrani ambazo sehemu yake ni haki ya wakati.

3.0 Mkono unafanya nini

Maelezo yanayotolewa na wachuaji wengi, na si wa Afrika peke yao, ni kwamba mkono hurudisha kilichohama: diski huingizwa mahali pake, mshipa uliopinda hunyoshwa, mafundo huvunjwa. Maelezo haya hayaungwi mkono na vipimo. Diski imefungwa kati ya pingili kwa nyuzi imara na haifikiwi na kidole kupitia ngozi, mafuta na misuli. Chaudhry na wenzake (2008) walikokotoa nguvu inayohitajika kubadilisha umbo la utando mgumu unaofunika misuli ya paja na wa chini ya wayo, wakapata kwamba hata badiliko la asilimia 1 linadai nguvu inayozidi ile ambayo mikono ya mtabibu hutoa kwa kawaida.

Kinachobadilika ni neva na ubongo. Nadharia ya lango ya Melzack na Wall (1965) ilieleza kwamba hisia za mguso na shinikizo zinapofika kwenye uti wa mgongo huweza kupunguza ishara za maumivu zinazopanda kwenda ubongoni. Nadharia hiyo imerekebishwa sana tangu wakati huo, lakini msingi wake umebaki: mguso hushindana na maumivu. Misuli iliyojikaza kwa kujihami hulegea, na mgonjwa aliyeogopa kugeuka kitandani hugundua kwamba anaweza. Dirisha hilo la saa chache au siku chache ndilo manufaa ya uchuaji. Mtu akilitumia kutembea, kugeuka na kurudia kazi nyepesi, amefaidika. Akilitumia kulala akisubiri kuchuliwa tena, amepoteza fedha.

Ushahidi unakubaliana na tathmini hii ya wastani. Mapitio ya Cochrane ya Furlan na wenzake (2015), yaliyokusanya majaribio 25 yenye washiriki 3,096, yalipata nafuu ya muda mfupi, na waandishi wakasema wazi kwamba imani yao katika matokeo hayo ni ndogo sana kutokana na ubora hafifu wa majaribio. Mwongozo wa NICE wa Uingereza (2016) unaruhusu tiba ya mikono, uchuaji ukiwamo, kwa maumivu ya kiuno yenye siatika au yasiyo nayo, lakini kwa sharti kwamba iwe sehemu ya mpango wenye mazoezi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023, unaohusu maumivu sugu ya kiuno yasiyo na ugonjwa mwingine uliotambulika, unataja uchuaji miongoni mwa tiba zinazoweza kutolewa, pamoja na elimu na mazoezi. Unashauri dhidi ya mikanda ya kiuno, kuvutwa kwa uzito, na dawa za maumivu za jamii ya opioidi kama tiba ya kawaida. Ni vema washauri wa sera walione jambo hili: mikanda ya kiuno ni bidhaa inayouzwa, ilhali mkono wa jirani hauna mfanyabiashara wa kuutetea.

Kuhusu mazoezi inafaa kuongeza neno. Jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Lancet, lenye washiriki 701, lilionyesha kwamba mpango wa kutembea pamoja na elimu ulirefusha muda wa kati kabla ya maumivu kurudi kutoka siku 112 hadi 208. Matokeo hayo ni mazuri, ila kumwambia mwanamke wa Koboko anayetoka kisimani kwamba atembee zaidi ni kumfanyia mzaha. Kwake ushauri wa maana ni kugawa mzigo, kubadili mkao kabla ya mgongo kukaza, kurefusha mpini wa jembe pale udongo unaporuhusu, na kutolala kitandani siku nzima.

Kwa upande wa utendaji, mchuaji mwangalifu humlaza mgonjwa kifudifudi akiwa na mto chini ya tumbo, au ubavu akiwa na mto kati ya magoti. Huanza kwa viganja vizima kabla ya vidole gumba, akifuata misuli iliyo kando ya uti na misuli ya tako, bila kuishinikiza mifupa ya katikati. Mafuta ni ya kupunguza msuguano tu. Yale ya mti wa shea, ambao aina yake ya bonde la Nile hutoa mafuta laini kuliko ya Afrika Magharibi, yanafaa sawa na ya ufuta. Desturi ya kumwita mtoto akanyage mgongo wa mzee kwa miguu, inayojulikana sehemu nyingi za Afrika Mashariki, haifai kwa mwenye mifupa iliyopungua nguvu kwa umri.

Palipo na siatika kuna kanuni moja inayostahili kufundishwa kuliko nyingine zote. Maumivu ya mguuni yakipanda kurudi kiunoni baada ya kuchuliwa au kubadili mkao, hiyo ni dalili njema hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi kidogo. Yakiteremka mbali zaidi, au ganzi ikiongezeka, mkono uondolewe. Kushindilia kidole katikati ya tako, juu ya neva iliyokwisha kuvimba, kwa imani kwamba uchungu ndio uponyaji, ni kosa linalopaswa kukomeshwa.

4.0 Mshipa ni nini?

Hapa ndipo isimu inapoingia katika tiba. Mgonjwa anaposema "mshipa umekaza", anaweza kuwa anazungumzia neva, njia ya damu, kano au msuli. Katika matumizi mengine, mshipa ni uvimbe wa korodani au ngiri. Tabibu akisikia neno hilo hawezi kujua ni mwili upi unaozungumzwa, na mchuaji akilisikia hufanya anachokijua, yaani kuchua. Istilahi "mshipa wa fahamu" ilikusudiwa kuondoa utata huu, lakini nje ya darasa ni wachache wanaoitumia. Binafsi naona neno "neva", ingawa ni la kukopa, lina faida kwa sababu halina historia ya kulivuruga.

Maneno mengine yana matatizo yake. "Kiuno" hutaja sehemu ya chini ya mgongo, lakini katika mazungumzo ya wanaume hugusa pia nguvu za kiume, na wauza dawa wa minadani wanajua kuitumia hofu hiyo. "Uti wa mgongo" ni mifupa, ni neva iliyo ndani yake, na kwa watu wengi ni jina la homa. "Kukanda" ni kuchua, ila kwa mama aliyejifungua ni kutumia maji ya moto.

Hali ya West Nile huzidisha mambo haya. Lugbarati hutawala Arua na Kikakwa Koboko; kuna Kinubi, Kiarabu cha Juba, Kilingala, Kiingereza cha ofisini, na Kiswahili cha namna mbili: kile kilichoingia kwa njia ya jeshi tangu enzi za King's African Rifles, na kile cha Kongo kinachovuka mpaka pamoja na biashara ya Ariwara. Makazi ya Lobule, wilayani Koboko, yanawahifadhi wakimbizi kutoka Kongo. Mkimbizi wa huko anayesema mugongo unamuuma na mchuaji Mkakwa aliyejifunza Kiswahili sokoni wanaelewana vya kutosha kununua na kuuza. Kuulizana kuhusu ganzi na mkojo ni jambo lingine.

5.0 Maswali yanayotangulia mkono

Idadi ya wagonjwa wa mgongo wenye ugonjwa wa hatari ni ndogo, lakini katika eneo hili magonjwa yenyewe yanajulikana. La kwanza ni kifua kikuu cha mifupa, ambacho Percivall Pott alikieleza mwaka 1779 na ambacho bado kipo, hasa pamoja na VVU. Maumivu hayapungui kwa kupumzika, kuna homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, na baadaye pingili hujitokeza kama kinundu. Kushinikiza pingili iliyoliwa na kifua kikuu ni hatari kwa uti uliomo ndani. Brusela, inayotokana na maziwa yasiyochemshwa, nayo hushambulia pingili na viungo vya nyonga, na huambatana na homa za kuja na kuondoka.

La pili ni la watoto, na West Nile ina historia yake maalumu. Limfoma iliyoelezwa na Denis Burkitt mwaka 1958 alipokuwa akifanya kazi Uganda ilichunguzwa kwa makini katika wilaya ya West Nile ya wakati huo, kwa kumbukumbu za wagonjwa wa kuanzia 1961 alizokusanya Ted Williams, daktari wa Hospitali ya Kuluva iliyo karibu na Arua. Wengi huikumbuka kwa uvimbe wa taya. Lakini uvimbe huo huweza pia kuubana uti wa mgongo, na mtoto aliyekuwa akicheza wiki iliyopita akaanza kulalamika mgongo na kushindwa kusimama. Dawa zikianza mapema, ugonjwa huu huitikia vizuri. Siku zinazotumika kumchua mtoto nyumbani ni siku zinazoibwa katika miguu yake. Kwa hiyo mtoto mwenye maumivu ya mgongo na miguu inayolegea hachuliwi. Anapelekwa hospitali siku hiyohiyo.

La tatu ni la siatika yenyewe. Uti wa mgongo huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini yake kuna fungu la neva ambalo wanaanatomia hulifananisha na mkia wa farasi. Diski kubwa ikilibana, mgonjwa hupata ganzi sehemu za siri, hushindwa kukojoa au kuzuia haja, na miguu yote miwili hudhoofika. Upasuaji hautakiwi kusubiri. Kila siku inayopita hupunguza uwezekano wa kibofu kurudi katika kazi yake. Dalili hizi ni lazima ziulizwe, kwa kuwa mgonjwa hatazitaja mwenyewe. Haoni uhusiano kati ya mkojo na mgongo, na anaona haya.

Ukiongeza kuanguka kutoka mtini au kwenye pikipiki, na historia ya saratani, orodha imetimia. Haihitaji mashine, wala cheti kirefu.

6.0 Sera na lugha yake

Uganda ina sheria mbili zinazogusa jambo hili kutoka pande tofauti. Sheria ya wataalamu wa kada za afya ya mwaka 1996 inasimamia usajili wa wataalamu wa fiziotherapia, na Sheria ya Tiba Asilia na Tiba Mbadala ya mwaka 2019 inaelekeza usajili wa waganga wa asili. Hatari ninayoiona ni usajili kuwa ndio mwisho wa safari: mchuaji apewe karatasi ya kutundika ukutani bila kupewa maswali. Afadhali mchuaji asiyesajiliwa anayeuliza kuhusu mkojo kuliko aliyesajiliwa asiyeuliza.

Kuhusu lugha, mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia hatua za kukifanya Kiswahili lugha rasmi kwa mujibu wa maagizo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mijadala iliyofuata imelenga zaidi shule na ofisi. West Nile inatoa matumizi mengine ya haraka, kwa kuwa hapa Kiswahili ni lugha ya kuvukia mpaka, nao ugonjwa hauombi pasi ya kusafiria. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, wizara ya afya, na Chuo Kikuu cha Muni kilichopo Arua, wangeweza kuandaa pamoja maswali machache ya mgongo katika Kiswahili kinachoeleweka Koboko, sambamba na Lugbarati na Kikakwa, na kuyapitisha kwa timu za afya za vijiji, ambazo tayari huingia nyumbani kwa watu.

Kazi hiyo isifanyikie mezani. Maneno yapimwe kwa wachuaji na wagonjwa wenyewe, wanaume kwa wanawake, kwa sababu kikwazo kikubwa hakitakuwa msamiati wa anatomia. Kijana anayemchua mama mkwe wake hawezi kumuuliza kama sehemu zake za siri zina ganzi. Heshima haimruhusu, na yeye mama hatajibu. Njia inayoelekea kufaa ni kulizungumza jambo kwa kupitia kitu ambacho kila mtu Arua amekikalia: "Ukikaa kwenye kiti cha baiskeli, unakihisi kama zamani? Na haja ndogo, inatoka unapotaka?" Maswali hayo mawili yajaribiwe kwanza katika soko la Koboko na Lobule, yasikilizwe yanavyojibiwa, kisha ndipo yachapishwe.